Usalama wa simu na kompyuta kwa wafanyabiashara: Mapatano ya kufanya kabla chombo hakijang'oa nanga

Tuanze na mfano.

Tajiri mmoja wa jahazi yuko Lamu. Chombo chake kimetoka Kismayu alfajiri kikielekea kusini, njia ya visiwa vya Wabajuni: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vinginevyo. Saa nane mchana simu yake inalia. Ni ujumbe wa WhatsApp kutoka namba asiyoijua, lakini picha iliyowekwa ni ya nahodha wake. Ujumbe unasema: "Asalaam aleikum tajiri. Mashine imekufa, tumetia nanga Ngumi. Simu yangu imeingia maji, hii ni ya mvuvi mmoja hapa. Tuma dola 400 kwa namba hii sasa hivi tupate kipuri, upepo unatusukuma mwambani."

Tajiri anapiga namba ya siku zote ya nahodha. Haipatikani.

Afanye nini? Habari hiyo inaweza kuwa kweli. Mashine huharibika, simu huingia maji, na upepo haumsubiri mtu. Inaweza pia kuwa ni mwizi aliyekaa mjini, aliyeichukua picha ya nahodha mtandaoni na kusikia bandarini kwamba jahazi fulani limeondoka leo.

Vitabu na semina za usalama wa mtandao hutoa ushauri mmoja kwa mambo kama haya: mpigie mhusika kwa namba unayoijua, umsikie kwa masikio yako. Ni ushauri mzuri kwa mtu wa Nairobi au Dar es Salaam. Kwa sisi tunaofanya biashara ya baharini ushauri huo una pengo, kwa sababu chombo kikishatoka kwenye minara ya simu, nahodha hapatikani kwa saa nyingi, na hilo si jambo la ajabu kwa mtu yeyote. Wezi wanalijua pengo hilo na ndilo wanaloingilia.

Katika makala haya tutaeleza misingi ya usalama wa simu na kompyuta kwa mfanyabiashara na msafirishaji. Lakini jambo kubwa tunalotaka msomaji aondoke nalo ni hili: katika njia zetu, ukaguzi wa kuthibitisha habari lazima upangwe nchi kavu, kabla ya safari. Ukisubiri mpaka ujumbe uingie, umechelewa.

1. Simu imekuwa mfuko, daftari na muhuri

Zamani fedha ya tajiri ilikuwa kwenye sanduku, hesabu zake zilikuwa kwenye daftari la kirani, na neno lake lilithibitishwa na sahihi au na mtu anayemjua. Leo vitu hivyo vitatu vimo ndani ya simu moja.

Upande wa Kenya, M-Pesa ilianza mwaka 2007 na imekuwa njia ya kawaida ya kulipa kila kitu, kuanzia nauli hadi shehena. Upande wa Somalia, watu hulipana kwa simu kwa dola za Marekani, na huduma ya EVC Plus ya kampuni ya Hormuud ndiyo inayojulikana zaidi kusini. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2018 kwamba Somalia ilikuwa na miamala ya simu ipatayo milioni 155 kila mwezi, yenye thamani ya dola bilioni 2.7. Mwaka 2021 Benki Kuu ya Somalia iliipa Hormuud leseni ya kwanza nchini humo ya huduma za fedha kwa simu.

Mfanyabiashara wa njia hii basi huwa na laini mbili au tatu. Moja ya Kenya kwa shilingi, moja ya Somalia kwa dola, na pengine ya tatu kwa ajili ya safari za Dubai. Akivuka mpaka hubadilisha laini, na huwaandikia wenzake, "hii ndiyo namba yangu kwa sasa." Kwetu sisi namba mpya haimshtui mtu. Hapo tena wezi wamepata mlango.

Wengi wakisikia neno mdukuzi hufikiria kijana hodari wa kompyuta anayevunja mitambo ya benki. Wapo watu wa namna hiyo. Lakini wizi unaowapata wafanyabiashara wa kawaida mara nyingi hauvunji chochote. Mwizi huomba na mwenye mali humpa kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu ameamini kwamba anazungumza na mtu mwingine.

2. Hila tano zinazotumika zaidi

Hila ya kwanza ni ya dharura na namba mpya, kama tulivyoona katika mfano. Dalili zake ni tatu na huja pamoja: namba ni ngeni, jambo ni la haraka, na kuna sababu iliyotengenezwa ya kukuzuia usipige simu. Siku hizi hata sauti inaweza kuigizwa kwa kompyuta kutokana na rekodi fupi ya mtu, kwa hiyo ujumbe wa sauti pekee usikutoshe.

Hila ya pili ni ya kubadilishiwa laini. Mwizi hukusanya jina lako kamili, namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa, kisha huishawishi kampuni ya simu, au hushirikiana na mfanyakazi asiye mwaminifu, ili namba yako ihamishiwe kwenye kadi yake. Mara hiyo kadi yako hufa, na ujumbe wote wa benki na wa WhatsApp huenda kwake. Mtu wa mjini hugundua upesi kwa sababu simu yake inakosa mtandao ghafla. Baharia haoni ajabu yoyote, kwani hakutarajia mtandao, na hugundua siku ya pili akifika bandarini.

Hila ya tatu ni ya namba ya uthibitisho. Unapoingia kwenye WhatsApp kwa simu mpya, kampuni hutuma namba yenye tarakimu sita kwa ujumbe mfupi. Mwizi huandika namba yako kwenye simu yake, kisha hukuandikia akijifanya rafiki: "Samahani, nimetuma namba kwako kimakosa, naomba unisomee." Ukimsomea, WhatsApp yako inakuwa yake. Kutoka hapo anawaandikia wateja wako wote kwa jina lako akiomba mkopo.

Hila ya nne ni ya ankara yenye akaunti iliyobadilishwa. Hii huwapata zaidi wanaoagiza bidhaa kutoka Dubai, China au India. Mwizi huingia kwenye barua pepe ya muuzaji au ya mnunuzi, hukaa kimya akisoma, na malipo yanapokaribia hutuma ankara ileile, yenye bidhaa zilezile na bei ileile, ila namba ya akaunti ya benki ni nyingine. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilipokea malalamiko ya wizi wa aina hii mwaka 2023 yenye hasara ya karibu dola bilioni 2.9. Hiyo ni kwa kesi zilizoripotiwa kwao tu.

Hila ya tano ni ya ujumbe bandia wa malipo. Unapokea ujumbe unaofanana na ule wa M-Pesa au wa benki, kwamba umeingiziwa fedha. Mara mtu anapiga: amekosea, umrudishie. Unarudisha fedha zako halisi kwa fedha ambazo hazikuingia. Kanuni hapa ni nyepesi: ujumbe si fedha. Angalia salio kwanza. Hata likiwa limeongezeka, usirudishe kwa mkono wako. Mwambie aliyekosea aende kwa kampuni yake ya simu airudishiwe huko.

3. Mapatano ya nchi kavu

Sasa tuje kwenye kiini cha makala haya. Kabla ya kupakia, tajiri, nahodha na wakala wa kila bandari wakae pamoja, au wapigiane simu wakisikilizana wote, na wapatane mambo yafuatayo.

Jambo la kwanza: namba ziandikwe kwenye karatasi. Kila mmoja awe na orodha moja yenye laini zote za tajiri, nahodha, msaidizi wake, wakala wa Kismayu, wakala wa Lamu au Mombasa, na mtu mmoja wa nyumbani kwa kila upande. Namba isiyo kwenye karatasi hailipwi. Karatasi ni bora kuliko simu kwa sababu haiingiliwi na mdukuzi, na simu ikizama bado ipo. Ifungwe vizuri kwenye nailoni na kuwekwa kwenye sanduku la nahodha.

Jambo la pili: neno la safari. Chagueni maneno mawili ambayo hayahusiani na chombo wala na watu wake. Jina la jahazi, la mke au la mtoto halifai, kwa sababu bandari nzima inalijua. Maneno haya yasemwe kwa mdomo na yasiandikwe kwenye WhatsApp hata mara moja. Yeyote atakayeomba fedha au kubadilisha mpango wa safari atoe neno la kwanza. Likishatumika limekufa, mara ya pili linatumika la pili. Safari ikiisha chagueni mengine. Ni vyema pia kuwa na neno la tatu la shida, ambalo nahodha atalitumia kama analazimishwa na mtu aliyesimama karibu naye.

Jambo la tatu: fedha ya dharura iwe imetengwa tayari. Hila ya wezi inategemea haraka. Nahodha akiwa na kiasi cha fedha taslimu chomboni, na kiasi kingine kikiwa kwa wakala anayejulikana, basi hakuna kipuri kitakachohitaji tajiri atume fedha kwa namba ya mvuvi asiyemjua. Gharama ya kutenga fedha hizo ni ndogo kuliko hasara ya ujumbe mmoja wa uongo.

Jambo la nne: akaunti na namba za kulipia hazibadiliki wakati chombo kiko njiani. Kama mteja au muuzaji amebadilisha benki kweli, basi mabadiliko hayo yataanza safari ijayo, baada ya kuonana au kuzungumza kwa namba ya kwenye karatasi. Mwandikieni kila mshirika sharti hili mapema ili asije akakasirika.

Jambo la tano: malipo makubwa yawe na watu wawili. Wekeni kiwango, kwa mfano dola 500, ambacho mtu mmoja hawezi kukituma bila mwenziwe kusema ndiyo. Mtu mmoja aliyeshtuka hudanganyika kwa urahisi. Wa pili, ambaye hakusoma ujumbe ule wa kutisha, huuliza swali ambalo wa kwanza amelisahau.

Jambo la sita: mdomo wa pili. Pangeni ni nani atakayeulizwa kama nahodha hapatikani. Vyombo vilivyotoka pamoja naye, mawakala wa bandari zilizo mbele na nyuma yake, na redio ya VHF kwa wenye nayo, vyote hivi ni midomo ya kuaminika kuliko namba ngeni. Muulize nahodha aliyepita njia hiyo leo kama ameliona jahazi limetia nanga.

Wapo watakaouliza: je, na kama nahodha kweli yuko kwenye shida, hatutamtupa kwa ajili ya masharti? Hapana. Kama maisha yako hatarini, dola 400 hazitamwokoa mtu aliye mwambani. Kinachohitajika ni chombo kingine kimfuate, mwito kwenye chaneli ya 16 ya VHF, na habari kwa wahusika wa uokoaji, kama kituo cha kuratibu uokoaji baharini kilichoko Mombasa. Na kama ni kipuri tu, tajiri anaweza kumwagiza wakala anayemjua akipeleke kwa mkono. Msaada wa kweli unaweza kwenda na mtu. Anayekataa msaada huo na kung'ang'ania fedha kwa simu amejitambulisha mwenyewe.

Wazee wetu wa hawala wanalielewa jambo hili vizuri. Mpokeaji hakupewa fedha kwa kufika tu dukani. Alitaja jina la mtumaji, kiasi, na pengine jibu la swali ambalo mtu mwingine hawezi kulijua. Teknolojia imebadilika, kanuni ni ileile.

4. Kuifunga simu yenyewe

Mapatano yakishakuwepo, kila mmoja aiweke simu yake katika hali nzuri. Kazi hii haichukui zaidi ya nusu saa.

Funga skrini kwa namba ya siri ya tarakimu sita. Usitumie mwaka wa kuzaliwa wala 1234. Namba ya kufungua simu isiwe ileile ya M-Pesa au EVC.

Funga pia kadi ya simu yenyewe. Kwenye mipangilio ya usalama kuna sehemu ya kuwekea kadi namba ya siri. Bila hiyo, mwizi wa simu huitoa kadi yako, huitia kwenye simu yake na kupokea ujumbe wako wote. Kumbuka tu kwamba ukikosea mara tatu kadi hujifunga, na itahitaji namba ya kufungulia iliyoandikwa kwenye kibandiko ulichonunulia. Kihifadhi kibandiko hicho nyumbani.

Washa uthibitisho wa hatua mbili wa WhatsApp. Uko kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti. Utachagua namba ya siri ya tarakimu sita, na hata mwizi akipata ile iliyotumwa kwa ujumbe mfupi hataingia bila ya hii. Tazama pia orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukiona kompyuta usiyoijua, iondoe hapohapo.

Ilinde barua pepe kuliko kitu kingine chochote. Barua pepe ni ufunguo wa funguo zote, kwani huduma nyingine ukisahau neno la siri hukutumia jipya huko. Neno la siri la barua pepe liwe refu, kwa mfano maneno manne yasiyohusiana, na lisitumike mahali pengine popote. Washa hatua mbili hapa pia.

Kubali masasisho ya programu, kwa sababu mengi huja kuziba matundu ambayo wezi wameshayajua. Usiweke programu iliyotumwa kwa WhatsApp, hata kama imeandikwa jina la benki yako au la mkopo wa haraka. Usibonyeze kiungo kwenye ujumbe wa "mzigo wako umekwama forodhani". Wakala wako wa forodha ana simu, mpigie.

Usihifadhi picha ya kitambulisho, pasipoti na namba za siri kwenye simu unayotembea nayo. Zikipatikana pamoja, mwizi amepata kila anachohitaji kuhamisha laini yako.

Kwa wenye laini za Safaricom nchini Kenya kuna huduma chache za kukumbuka. Kampuni hiyo imewatangazia wateja kwamba huwapigia kwa namba moja tu, 0722 000 000. Kwa kubonyeza *100*100# unaweza kuzuia laini yako isibadilishwe na mtu mwingine. Ukibonyeza *106# utaona laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Ujumbe wa utapeli hutumwa kwa 333, na ukituma M-Pesa kwa namba isiyo sahihi, utume ujumbe wa muamala huo kwa 456 mara moja. Nchini Tanzania *106# hutumika vilevile kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na ujumbe wa utapeli hutumwa kwa 15040. Kwa laini za Somalia, uliza kwenye ofisi ya kampuni, uso kwa uso, ni utaratibu gani unaotakiwa ili laini yako ibadilishwe, na uombe wakuwekee ulinzi walio nao.

Kwa mabaharia tunaongeza jambo moja. Ukifika mahali penye mtandao, usitosheke kuona bandari. Tazama simu ya mwenzako wa kampuni ileile. Kama yake imeshika mtandao na yako haishiki, uiwashe upya. Ikikataa tena, chukulia kwamba laini yako imeibiwa mpaka ithibitike vinginevyo, na upige kwa simu ya mwenzako kwenda kampuni ya simu kabla ya kushusha hata gunia moja.

5. Ofisi za mawakala na wasafirishaji

Ofisi ya wakala ina hatari zake. Ya kwanza ni hati. Kati ya mwaka 2011 na 2013, magenge ya dawa za kulevya yaliwatumia wadukuzi kuingia katika kompyuta za makampuni yanayoshughulikia makontena katika bandari ya Antwerp, Ubelgiji. Walianza kwa kuwatumia wafanyakazi barua pepe zenye programu za wizi. Wakishajua kontena liko wapi na namba zake za kutolea, walituma dereva wao alichukue kabla ya mwenyewe kufika. Hapa kwetu namba za kutolea mzigo hupigwa picha na kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp yenye watu mia. Zitumwe kwa mtu mmoja anayehusika, na dereva atambuliwe kwa jina, kitambulisho na namba ya gari kabla ya kukabidhiwa.

Hatari ya pili ni kupoteza kumbukumbu zote kwa siku moja. Tarehe 27 Juni 2017 kampuni kubwa ya meli ya Maersk iliingiliwa na programu haribifu iliyoanzia Ukraine. Kompyuta zake zilizimika duniani kote, na ilibidi iweke upya kompyuta zipatazo 45,000. Hasara ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na 300. Kilichowaokoa ni kwamba nakala moja muhimu ya mfumo wao ilibaki salama nchini Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko na kompyuta ile haikuwa mtandaoni wakati wa shambulio.

Funzo kwa ofisi yenye kompyuta moja ni kubwa. Kila Alhamisi jioni nakili daftari la wateja, ankara na hati za shehena kwenye flashi au diski, kisha ichomoe na uipeleke nyumbani. Nakala inayokaa imechomekwa kwenye kompyuta itaharibika pamoja nayo. Ukifanya kazi kwenye kompyuta ya kukodi mjini, toka kwenye barua pepe yako kabla ya kuondoka na usikubali kompyuta ihifadhi neno la siri.

Hatari ya tatu ni mtandao wenyewe kukosekana. Mwezi Juni 2017 meli ilikata kebo ya baharini karibu na Mogadishu, na sehemu kubwa ya kusini na kati ya Somalia ikakaa bila intaneti kwa takriban wiki tatu. Mwezi Julai 2023 wadukuzi waliishambulia tovuti ya eCitizen ya serikali ya Kenya, huduma zikasimama na malipo kwa M-Pesa yakatatizika. Siku kama hizo mwenye orodha ya karatasi, fedha taslimu kidogo na njia ya pili ya kulipa huendelea na kazi. Siku hizo pia ndizo za kuwa macho, kwani wezi huandika: "Kwa kuwa mtandao una shida, lipa kwa namba hii."

Hatari ya nne ni siri za wateja. Novemba 2025 ubalozi wa Marekani ulitoa tahadhari kwamba mfumo wa viza za mtandaoni wa Somalia umedukuliwa, na kwamba habari za watu wasiopungua 35,000 huenda zimevuja. Habari za namna hiyo ndizo zinazotumika kuhamisha laini na kuigiza watu. Wakala aliye na nakala za pasipoti za abiria na wateja ana amana mkononi mwake. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019 na Somalia tangu 2023. Nakala isiyohitajika tena ifutwe, na ya karatasi ichanwe au ichomwe badala ya kufungia maandazi.

6. Ukishaibiwa

Saa ya kwanza ndiyo yenye thamani. Piga simu kwa kampuni ya simu au benki wafunge akaunti, na wa pili umpigie aliyepokea kama ni benki yake unayoijua. Kisha wajulishe washirika wote walio kwenye karatasi, ili jina lako lisitumike kuwaibia wao. Usifute ujumbe wowote. Piga picha za skrini zenye namba, saa na kiasi. Halafu nenda polisi na upate namba ya ripoti. Nchini Kenya ipo sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni ya mwaka 2018, na Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Jihadhari na mwizi wa pili. Baada ya wizi hutokea mtu anayedai kwamba anaweza kuzirudisha fedha kwa ada ndogo. Huyo mara nyingi ni yuleyule au mwenziwe.

Na usione haya kusema. Wengi hunyamaza wakiogopa kuchekwa barazani, na ukimya wao humwachia mwizi nafasi ya kuhamia kwa jirani.

Turudi kwa tajiri wetu wa Lamu. Kama alipatana na nahodha wake kabla ya safari, jibu lake ni fupi: "Waaleikum salaam. Nipe neno." Nahodha wa kweli atalitoa kwa sekunde tano, hata kwa simu ya kuazima. Mwizi atasema huu si wakati wa maneno, atalia, atatisha, atataja upepo na mwamba. Tajiri atajua, na dola zake 400 zitabaki. Kama hakupatana naye, atakaa na simu mkononi akipima moyo wake, na vyovyote atakavyoamua ni bahati nasibu.

Basi ndugu msafirishaji, kama una chombo kinachopakia leo, chukua karatasi na kalamu kabla hakijang'oa nanga.